Raba za neti si maringo

 Leo naandika juu ya viatu. Najua kuna mtu atasema, chakula kimepunguzwa, ada ya shule haijalipwa, halafu huyu kijana analeta habari ya raba? Ndiyo, naleta. Soma kwanza, utanitukana ukimaliza.

Mwaka jana wakati wa kiangazi nilisimama kwenye mstari na mama yangu mdogo, tukingoja jina lake liitwe. Mtu mwenye karatasi alipofika kwetu hakumwangalia mama uso. Aliniangalia mimi miguu. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Na raba kama hizo, bado mnaomba?" Watu wakacheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ukijibu pale, jina la mama ndilo litakaloumia. Sitasema ni shirika gani, na sidhani yule mtu ni mbaya. Lakini lile neno nilirudi nalo nyumbani, nimekaa nalo mpaka leo, na hili ndilo jibu langu.

Hizo raba ni za neti. Nilizinunua Arua, sokoni, mtumba, kwa shilingi 28,000. Nilidunduliza posho yangu ya ujitoleaji karibu miezi miwili. Sikuzinunua ili nionekane. Nilizinunua kwa sababu ya kidonda.

Wale wasionijua: mimi ni volontia. Kazi yangu ni kutembea. Naenda nyumba kwa nyumba, naita watu siku ya chanjo, nakumbusha mambo ya maji safi na choo, narudi kuandika kwenye kitabu. Gari la shirika linapita barabara kubwa. Mimi napita njia za mbuzi. Zamani nilikuwa naenda na kandambili. Kandambili ni nzuri kwa kwenda kuoga, lakini ukitembea nazo kutwa nzima vidole vinashika kama vinashika ukuta, na kisigino kinapasuka kama ardhi ya Februari. Ndipo nikapewa viatu vyeusi vya plastiki inayofanana na ngozi. Vilikuwa vinang'aa, mama alifurahi, akasema sasa naonekana mtu wa ofisi. Baada ya wiki moja soksi ilikuwa inakamulika jasho. Ngozi kati ya vidole ikawa nyeupe, ikalainika, ikaanza kuwasha. Kisha lengelenge nyuma ya kisigino, likapasuka, vumbi likaingia. Wiki mbili sikutembea. Na nyinyi mnajua posho ya volontia: siku hukutoka, siku hiyo haina hela.

Muuguzi aliyenisafisha kidonda aliniambia jambo moja tu: mguu unataka hewa. Fangasi wa vidoleni wanapenda joto na unyevu, na mimi nilikuwa nimewajengea nyumba.

Neti inafanya kazi hivi. Kitambaa cha juu kimefumwa kwa nyuzi za plastiki zinazoacha matundu madogo madogo. Kila ukikanyaga, mguu unasukuma hewa ya moto itoke. Ukiinua, hewa nyingine inaingia. Nyuzi zenyewe hazinywi maji sana kama pamba, kwa hiyo hata zikilowa zinakauka haraka. Turubai la pamba, zile raba za shule za zamani, linakunywa jasho na kulihifadhi. Ngozi ya plastiki hainywi wala haipitishi. Ndiyo sababu kwa mtu anayetembea kilomita nyingi juani, neti ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Lakini msinielewe vibaya, neti si ya kila siku. Sisi huku West Nile mvua inaanza karibu Machi au Aprili na kutufuata mpaka Novemba. Siku njia imekuwa tope, au umande wa asubuhi unafika magotini, raba za neti zitakuwa bakuli la maji, na utarudi kwenye fangasi wale wale. Siku hiyo vaa gambuti, ukifika vua, kausha miguu. Usiende nazo shambani pia: jembe halijui neti, na mwiba unapita kama sindano kwenye shuka. Usiku porini, mambo ya nyoka, sitaki hata kuongea.

Sasa kununua. Hapa ndipo vijana wengi tunaliwa pesa.

Kwanza, usiende sokoni bila kipimo. Namba ya kiatu inadanganya. Angalia kikaratasi kilichoshonwa nyuma ya ulimi wa kiatu: utaona namba ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya, na mara nyingi kuna sentimita. Kijana anasikia "mimi ni 42", anachukua 42, kumbe kiwanda hiki na kile havipimi sawa. Sentimita ndizo za kuamini zaidi. Simama juu ya karatasi jioni, wakati mguu umeshavimba kwa kutembea, weka alama kisigino na alama kidole kirefu, pima miguu yote miwili, maana mmoja huwa mkubwa. Chukua ule mkubwa. Kama huna rula, fanya wanavyofanya mama zetu wakimtuma mtu kununua viatu vya mtoto: kata kijiti urefu wa mguu, mpe anayekwenda. Kijiti kiingie ndani ya kiatu na kibakize upana wa kidole gumba mbele. Kisipobakiza, kucha zitatoboa neti ndani ya mwezi mmoja, halafu utasema neti ni mbovu.

Ukifika, usichukue kile kinachong'aa. Muuzaji anaamka mapema, anaviosha, anapaka rangi nyeupe pembeni ya soli, anaweka gundi mahali palipofunguka. Simlaumu, naye anatafuta. Lakini wewe una macho. Inua kiatu juu, kielekeze kwenye jua, tazama ndani: matundu ya neti utayaona yakipitisha mwanga. Kama kote ni giza, kuna sponji nene au nailoni imebandikwa ndani, hiyo si neti, ni picha ya neti. Mahali ambapo mwanga ni mwingi kuliko kwingine, hasa juu ya kidole gumba, pamechoka, patatoboka. Geuza, tazama kisigino: kama kimelika upande mmoja sana, mwenye kwanza alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo utakurithisha maumivu ya goti. Kikunje. Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Kikikataa kabisa kukunjika, kiache pia.

Jaribio la mwisho ndilo nililojifunza kwa uchungu wa rafiki yangu. Alinunua raba safi kabisa, hazina hata mkwaruzo chini, kama hazijawahi kuvaliwa. Tulimwonea wivu. Jumamosi ya pili akacheza nazo mpira Koboko, na kufika mapumziko soli ilikuwa inamwagika uwanjani vipande vipande kama mkate mkavu. Tukamcheka sana, yeye akalia kweli. Baadaye nikaelewa. Kuna aina ya sponji ya soli ambayo, ikikaa miaka mingi kwenye kabati au ghala bila kuvaliwa, unyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo kutoka ndani. Kwa nje hauoni kitu. Kwa hiyo mtumba unaoonekana mpya mno, wa mtindo wa zamani, uuogope. Bonyeza pembeni ya soli kwa ukucha wa gumba, kwa nguvu. Sponji nzima inarudi. Iliyooza inabaki na shimo, au inatoa unga, au inanata. Muuzaji akikukataza kubonyeza, umeshapata jibu.

Kuna wanaosema afadhali kipya. Mimi siamini. Kwa pesa ile ile, kipya utakachopata ni feki yenye jina kubwa pembeni: soli ngumu ya plastiki, gundi inayonuka mpaka kichwa kinauma, neti nyembamba iliyobandikwa bila kushonwa. Siku ya jua kali soli inaaga. Kati ya feki mpya na mtumba uliokaguliwa vizuri, nachukua mtumba. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale kwenye mambo ya viwanda, alisema nguo za mitumba zipigwe marufuku, na siku zile tuliongea sana hapa, tukaogopa na viatu vitafuata. Ninaelewa hoja ya viwanda vya nyumbani. Siku kiwanda cha nyumbani kitanitengenezea raba ya neti inayofika Desemba, kwa shilingi 28,000, nitakuwa wa kwanza kwenye mstari.

Na hapa niwaseme na vijana wenzangu, maana si watu wa mashirika tu. Kuna kijana namjua, aliuza maharage ya nyumbani, gunia nusu, akanunua feki ya Jordan. Haikumtosha vizuri, inambana, anaivaa jioni tu kupita mbele ya wasichana kwenye bomba la maji. Kaka, hiyo ndiyo inayompa yule mtu mwenye karatasi neno la kusema. Mguu wako haujui kusoma jina la kiatu. Nunua kwa mguu.

Ukishanunua, tunza. Neti haitaki nguvu, inataka adabu. Tope likiingia usilifute likiwa bichi, utalisukuma ndani ya matundu. Acha likauke, gonga raba mbili pamoja, piga kwa mswaki mkavu. Vumbi letu jekundu ni adui zaidi ya tope, kwa sababu chembe zake zinakaa kati ya nyuzi na kuzikata taratibu kila ukikanyaga. Mimi nagonga zangu kila jioni mlangoni. Jirani ananiuliza kama nafukuza shetani.

Kufua, mara moja kwa wiki mbili inatosha, na maji ya nusu beseni yanatosha. Siwezi kumwambia mtu anayebeba jerikeni kutoka mbali aoshe viatu kama anaosha gari. Toa kamba, toa soli ya ndani. Sabuni ya kipande, maji ya baridi, mswaki wa zamani, zungusha taratibu. Usitumie Jik, neti nyeupe itakuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara, na nyuzi zitalegea. Usiloweke usiku kucha, gundi inachoka. Na tafadhali usioshee kwenye bomba lenyewe, mama wenye bomba watakufukuza, na watakuwa na haki.

Kukausha ndipo watu wanaua viatu. Tumezoea kuviweka juu ya bati, jua la saa saba. Bati lile unaweza kukaangia yai. Gundi inalainika, sponji inajikunja, soli inaanza kucheka, yaani inafungua mdomo mbele. Jikoni kando ya moto ni vilevile. Weka kivulini penye upepo, jaza ndani karatasi kavu za gazeti au za daftari lililoisha, zibadilishe zikilowa. Kesho asubuhi zimekauka. Harufu ikizidi, weka mkaa uliopondwa ndani ya soksi kuukuu, ulaze ndani ya kiatu usiku, unapunguza. Lakini harufu nyingi inatoka kwenye soksi, si kwenye raba. Jozi mbili za soksi za pamba, moja mguuni moja kambani, ni dawa kuliko manukato yote ya Arua.

Na fundi. Raba ikitoka sokoni tu, kabla hujaivaa hata siku moja, ipeleke kwa fundi aishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Mimi nililipa 4,000. Watu wanangoja mpaka imefunguka, imeingiza mchanga, ndipo wanakwenda, na hapo gundi haishiki tena. Tundu dogo kwenye kidole, fundi anaweka kiraka kwa ndani. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika kinafaa, chepesi na kigumu. Mtu mmoja aliniuliza kama chandarua kinafaa. Ndugu yangu, lalia chandarua, malaria ya huku haina mchezo.

Sasa nirudi kwa wakubwa wangu wa mashirika, kwa heshima, kwa sababu wengine mnasoma ukurasa huu na mmetusaidia sana.

Naelewa kazi yenu ni ngumu. Tangu Julai 2023 WFP ilipotupanga makundi matatu, na kundi la tatu likaambiwa lijitegemee, kila mtu anatafuta alama ya kumjua nani ana uwezo na nani hana. Pesa ni kidogo, watu ni wengi, na jicho la binadamu linakimbilia kitu cha kwanza linachokiona. Lakini mguu ni shahidi mbaya. Raba ya mtumba ilianza maisha kwa mtu wa Ulaya au Marekani, bei yake ya kwanza mimi siijui na hainihusu. Jina lililoandikwa pembeni ni la kiwanda, si la akaunti yangu ya benki. Na mara nyingi hata si za aliyevaa. Hizo raba zangu, mdogo wangu amezivaa siku ya michezo ya shule na karatasi mbili mbele ili zimtoshe, na binamu yangu amezivaa kwenda kutafuta kazi Arua. Mngewaona siku hizo mngehesabu familia moja ina jozi tatu za raba nzuri. Ni jozi moja.

Halafu kuna wale wanaosema mkimbizi amezoea, hata bila viatu anatembea. Hoja hiyo ina mfano wake mkubwa, Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu. Ni kweli alishinda. Lakini husimuliwa kwamba viatu vilivyokuwepo havikumkaa vizuri, akaona heri aende peku kuliko kuumia. Na aliposhinda tena Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa viatu. Mwaka 2016 ile timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki ilipokwenda Rio, wakimbiaji 5 kati ya wanamichezo 10 walikuwa Wasudani Kusini waliotoka Kenya, wakifundishwa na Tegla Loroupe kule Ngong. Kipaji walikuwa nacho tangu kambini. Hakuna aliyewapeleka Rio peku ili waonekane wakimbizi wa kweli.

Ninachoomba si kikubwa. Volontia tunapewa fulana, kofia na kizibao chenye nembo. Fulana ninazo nne. Hakuna hata mradi mmoja niliofanya kazi ulioniuliza unatembea na nini. Kama bajeti ya mafunzo inaweza kulipia fulana, ipunguzeni fulana moja, wekeni kitu kidogo cha viatu: jozi moja ya kiangazi, na gambuti za mvua. Na mkipokea viatu vya msaada, msivimwage kwenye turubai tugombanie. Niliona siku moja gunia limefunguliwa: viatu vya kisigino kirefu, buti za baridi zenye manyoya ndani, na raba za mguu wa kulia mbili. Mama mmoja mzee aliondoka na zile za manyoya, sasa kuku wake wanatagia humo. Tupeni wiki moja tupime miguu ya watu kwa sentimita, tuandike, mlete kinachotakiwa. Kupima tunaweza wenyewe, bila posho.

Yule mtu mwenye karatasi bado namwona. Wiki iliyopita alipita na pikipiki, akasimama, akaniuliza njia ya nyumba fulani iliyo mbali na barabara. Pikipiki haikuweza kuvuka mto mkavu kwa sababu ya mchanga. Nikamwambia tushuke tutembee, nitakuonyesha. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi. Tulipofika upande wa pili alikaa kwenye jiwe, akavua kimoja, akamwaga mchanga, akashika kisigino. Akaniuliza raba zangu nilizinunua wapi. Nikamwambia Arua, sokoni, na nikamwambia bei. Aliirudia ile bei mara mbili.

Ijumaa nashuka Arua tena. Anayetaka nimtazamie raba alete kijiti chake jioni ya Alhamisi, si asubuhi, amekiandika jina na kama mguu ni mpana. Pesa alete kamili pamoja na ya fundi. Na asiniambie nitafute jina gani, nitatafuta kinachopitisha mwanga.